Nani Angeepua Githeri

Jumanne, Mwiki

Githeri, mahindi na maharagwe ya chakula cha jioni, imeungua na nyumba bado inanuka moshi. Sikusinzia. Hilo niliandike kwanza.

Wanjiru, mjukuu wangu aliyepewa jina langu, hunisomea mafundisho ya zamani ya Buddha, maana mimi shule sikuiona. Hata herufi hizi alinifunza yeye. Jioni nilikaa kufuata pumzi kama kila siku. Nikasikia mtu anapumua chumbani. Nikanusa chakula kinaungua. Nikatafuta mtu wa kuinuka aepue sufuria, na hakukuwa na mtu. Pumzi tu, inaingia, inatoka.

Wanjiru akafungua mlango. "Cucu! Unataka kutuchoma?"

Nikangoja huyo cucu, huyo bibi anayeitwa, ajibu.

Nilipomweleza, alifurahi kama mtu aliyepata kazi. "Labda umeingia mkondoni, Cucu, kama wale wafuasi wa Buddha walioona kuwa hakuna 'mimi'! Ukishaingia, hurudi nyuma tena."

"Na mama yangu? Alisahau jina lake mwaka mzima kabla hajafa. Naye aliingia mkondoni?"

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa barafu. Nikamfokea akavae sweta, mjinga huyu, atanifia na kifua.

Anasema aliyeingia mkondoni hana shaka tena. Mimi ninayo, na leo nimeishikilia kama... neno limenitoka.

Nimeandika jina langu hapa ili nilione. Wanjiru. Nimelitazama mpaka macho yamechoka, na ninaona la mtoto tu, aliyelala chumba cha pili.

Basi. Angalau yeye yupo.