Kichwa cha Ngege

Dada Rosa, salamu kutoka Kisumu, ambako joto limenipikia ubongo.

Unamkumbuka Akinyi, aliyekuja shuleni kwetu hajui hata kushika chaki, nikamfundisha mimi? Sasa ndiye mkufunzi wa semina yetu, na sisi walimu wazee tunamwita Madam! Leo mchana tulikula samaki ufuoni. Mpishi akamwekea yeye kichwa cha ngege, heshima ya mkubwa. Mimi nikapewa mkia. Akinyi akanisogezea sahani yake mbele ya wote: "Mwalimu wangu, hiki ni chako."

Wivu ukanikaba. Nikasema, "Asante, nimeshiba."

Dada, njaa inaniuma mpaka sasa.

Nibusie watoto. Nikirudi nipikie ngege, na kichwa uniwekee mimi.

Mdogo wako, Mary