Msamaha Niliompa Tingatinga

Nyumbani,
Jumanne jioni.

Mjomba mpendwa,

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si mama, si mwalimu, wala rafiki ninayekaa naye dawati moja, na nimeamua wewe uwe wa kwanza kulijua. Lakini nikianza nalo moja kwa moja utaacha chai yako ipoe, kwa hiyo kwanza pokea shikamoo yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba vumbi la kokoto halikusumbui kifua kama mwaka jana. Sisi huku hatujambo. Mama anauliza kama lile sweta linakutosha au umeshampa mtu. Mdogo wangu ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anacheka amefunika mdomo kama bibi harusi. Mimi nami ni mzima mwili wote isipokuwa goti la kushoto, na habari zake ndizo hizi.

Najua mama alikupigia simu siku ile ile, na najua ulivyopokea, maana aliweka sauti kubwa na nyumba nzima ikasikia. Ulisema mpwa wako ni mwanamume kweli, kwamba damu yako imejionyesha, na kwamba huyo Tingatinga akikatiza hapo kwenye mashine yenu ya kokoto atakutambua. Mama anasema umeshawasimulia wenzako wote wa zamu. Naomba uyakumbuke maneno hayo unapoendelea kusoma.

Wewe unanijua. Shuleni naitwa Kamusi, na vile viatu vya mpira ulivyonitumia vilikaa kwenye boksi lake miezi minne. Siku tulipocheza na shule ya jirani, wiki tatu zilizopita, mimi nilikuwa nyuma ya goli nimekaa na kitabu. Nilivaa viatu kwa sababu mama alisema utauliza. Muda wa mapumziko beki wetu wa kushoto akaanza kutapika, wa akiba hakuja siku hiyo, na mwalimu wa michezo akatazama huku na huku mpaka macho yake yakatua kwangu. Aliniambia Kamusi, vua miwani uingie. Nikamwambia bila miwani sioni. Akasema hakuna aliyeniomba nione, nisimame tu pale pembeni nijaze nafasi.

Nilijaza nafasi dakika ishirini. Wenzangu wanasema sikukosea hata pasi moja, maana hakuna aliyenipa mpira. Kisha akaja Tingatinga, mshambuliaji wao. Ana mwili kama mlango wa ghala, na akikimbia unamsikia kwanza ndipo unamwona, hasa mtu asiye na miwani. Vumbi likatimka, nikaanguka, nikapiga yowe ambalo mama anadai alilisikia akiwa sokoni. Mwamuzi alikuwa mbali, katikati ya uwanja, akaja mbio huku ameshainua kadi nyekundu. Wiki iliyofuata kamati ya michezo ya shule za wilaya ikamfungia Tingatinga msimu mzima. Mchujo wa timu ya vijana ya wilaya, ambao aliyefungiwa haruhusiwi kuingia, ni Jumamosi hii, na kila mtu anajua kwamba angeupita bila kutoka jasho.

Goti langu lilijaa kabla mechi haijaisha, suruali ikabana. Wenzangu wakanibeba kwa zamu mpaka kwa fundi baiskeli aliye mkabala na uwanja, maana kwetu ndivyo ilivyo, kila anayeteguka hupelekwa kwake naye huvuta. Anasema aliyeweza kunyoosha ringi hashindwi na mtu. Alikuwa ameshachemsha maji na kukunja mikono ya shati mama alipotokea, miguuni kandambili mbili zisizofanana. Mama akamwambia akimgusa mwanawe, atakayenyooshwa ni yeye. Fundi akajibu kwa upole kwamba basi maji yale atayapikia chai. Ilikuwa bahati yangu. Daktari alituambia baadaye kuwa jeraha bichi halikandwi kwa maji moto wala halivutwi, kwa sababu damu huzidi kuvuja ndani. Hupumzishwa, hubanwa kwa bandeji, huwekwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na mguu huinuliwa juu ya mto.

Zahanati walipiga picha ya eksirei, wakaona mfupa haujavunjika, wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa kwa daktari bingwa wa mifupa. Miadi yetu ilikuwa Alhamisi iliyopita.

Mjomba, ungelipenda benchi la kusubiri. Watu wa mpira tulikaa upande mmoja. Kulikuwa na fundi mwashi aliyeteguka enka kwenye mechi ya waliooa na wasiooa. Alikuwa ameoa wiki mbili tu, na alilalamika kwamba angechelewesha harusi kidogo angekuwa timu iliyoshinda. Kulikuwa na dada mmoja, golikipa, kidole chake kimekaa upande, na karani wa posta aliyechanika msuli wa nyuma ya paja akiwahi mpira ambao, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa umeshatoka. Walikuwa wakibishana nani kaumia zaidi. Mwashi alipodai kuwa enka ndiyo inayouma kuliko vyote, golikipa akamwambia enka ni mafua ya miguu, kila mtu anaugua na hakuna anayeletewa pole. Nilipopandisha suruali wakalitazama goti langu, wakaacha ubishi, wakanipisha nafasi ninyooshe mguu. Nilijiona mtu mkubwa.

Daktari bingwa ni mama mfupi anayetembea upesi mno kwa mtu ambaye wagonjwa wake wote wanachechemea. Alianza na goti la kulia. Nikamwambia kwa adabu kwamba bovu ni la kushoto. Akasema anajua, ila goti zima ndilo litakalomwambia hili lingine lilikuwaje kabla. Kisha akanikunjisha magoti, akaushika muundi na kuuvuta mbele kidogo kama mtu anayefungua droo. Droo ya kulia iligoma. Ya kushoto ilifunguka. Akanituma kwenye kipimo cha MRI, ambacho unalazwa ndani ya kitu kama pipa, nje kunagongwa kama wanaezeka bati, nawe huruhusiwi hata kujikuna. Majibu yalikuja mchana. Kano ya katikati ya goti, ile inayozuia muundi usiteleze mbele, imekatika. Alichukua kalamu mbili na mpira wa kufungia karatasi akatuonyesha namna ilivyo.

Usiogope. Nitafanya mazoezi wiki kadhaa mpaka uvimbe uishe na goti linyooke lote. Kisha watafanya operesheni kwa matundu madogo na kamera, watatwaa kipande cha kano nyuma ya paja watengenezee kano mpya. Kwa kuwa bado narefuka, daktari atapima kwanza mifupa yangu imebakiza kukua kiasi gani, asije akaigusa sehemu inayokua. Baada ya hapo ni miezi tisa au zaidi kabla ya kucheza. Mama aliuliza kama nitatembea sawasawa. Daktari akasema nitatembea, nitakimbia, na nikipenda nitacheza. Nikamwambia hilo la kucheza asilifanyie haraka.

Mazoezi yenyewe nimeshaanza. Bwana anayenisimamia huhesabu mpaka kumi, lakini ukikunja uso anarudi moja, kwa hiyo najifunza kuumia huku natabasamu. Nilimweleza daktari habari za goti lako pia, kwamba uliumia ujanani ukavutwa na majirani watatu kwa mpigo, na kwamba kila ukipanda ngazi linalia. Alisema uje. Alisema goti la zamani nalo lina daktari.

Sasa Mjomba, kaa vizuri.

Tingatinga hakunigusa. Niliona kitu kikubwa cha bluu kinakuja, nikageuka nikimbie. Mguu wa kushoto ukabaki ardhini, mwili ukaenda, na ndani ya goti kikalia kitu kama kijiti kinachovunjwa. Yeye aliniruka. Nilikuwa chini nikaziona soli za viatu vyake zikipita juu yangu, na alijitahidi sana zisinipate. Wenzangu waliponizunguka, nahodha akaniuliza amekupiga, siyo? Nikaitikia kwa kichwa. Nimejaribu kujitetea kwamba sikutamka neno lolote la uongo, ni kichwa tu kilichoinama, lakini utetezi huo haunipi usingizi.

Ningesema kesho yake. Lakini kesho yake darasa zima lilikuja kuniona. Walionicheka kila siku walibeba mkoba wangu, na msichana wa dawati la mbele, ambaye sijawahi kumwambia hata habari za asubuhi, aliniletea daftari lake la historia ninakili. Hakuna aliyeniita Kamusi wiki nzima. Kila siku niliahirisha, na kila siku ikawa ngumu zaidi.

Jumapili hii Tingatinga alikuja nyumbani. Alikuja na mama yake na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kiti kana kwamba anaogopa kukivunja. Mama yangu alimsema mpaka akamaliza maneno. Yeye aliniangalia akasema hakumbuki kunigonga, alidhani ameniruka, ila labda kiatu kilinigusa bila yeye kujua, na kama ndivyo ananiomba radhi. Mama yake alikuwa ametazama sakafu. Wote wakanigeukia mimi. Nikamwambia nimekusamehe.

Nilimsamehe, Mjomba. Mimi ndiye niliyemsamehe. Na machungwa tukayala.

Daktari anajua, au nadhani anajua. Ile Alhamisi aliniuliza nilivyoumia. Nikasema nilipigwa teke. Akauliza upande gani. Nikasema kulia, kisha nikasema kushoto. Alimtuma mama dirishani akagongeshe kadi muhuri, akaniambia kwamba wengi anaowaona na kano iliyokatika hivi hawakuguswa na mtu. Mguu ulibaki na mwili ukageuka. Alisema hanihukumu, ila lazima ajue, kwa sababu mazoezi yatanifundisha upya kugeuka na kutua. Palipoandikwa namna ya kuumia aliacha wazi, akafunika kalamu.

Sasa umejua. Naomba na wenzako wa zamu uwaambie, hata kama watakucheka. Wasalimie wote, na mama anasema ule vizuri. Nakuombea afya na kazi isiyochosha, nami nasubiri unijibu, hata kwa ukali.

Ni mimi mpwa wako,
Kamusi.

Jumatano jioni. Sikuipeleka barua posta jana, kwa hiyo naongeza haya. Asubuhi nilimwambia mama. Akaenda kuvaa viatu. Tulikwenda kwanza kwa mwalimu wa michezo, nikamweleza yote huku nimeegemea magongo. Aliandika barua kwa kamati hapo hapo, nami nikaisaini. Wanakutana Ijumaa, hatujui watasemaje. Kisha tukaenda shule ya jirani. Tingatinga alitolewa darasani, nikamwambia hakunigusa na kwamba nilijua tangu siku ile. Hakunipiga wala hakucheka. Alisema mama yake hakumwamini, kila alipomwambia hakunigonga mama alimjibu asiongeze uongo juu ya ukatili, na akaniuliza kama naweza kufika kwao nikayasema mwenyewe. Kwao ni mlimani, na mimi na magongo tulipanda taratibu, mama nyuma yangu, Tingatinga mbele akiniondolea mawe njiani bila kuniongelesha. Mama yake alikuwa anaanika nguo. Nilimwamkia, nikamwomba aache kamba kidogo, nikamwambia kwamba mwanawe hakunigusa, na kwamba alimwambia kweli tangu mwanzo.