Habari za Afande Mdogo

Jumatatu, 4 Machi

Leo Afande Mdogo ametoka. Amezaliwa humu humu gerezani, wodi ya wanawake wenye watoto, na jana katimiza miaka minne. Miaka minne ndiyo mwisho. Baada ya hapo mtoto hakai ndani hata siku moja, hata kama mama yake amebakiza miaka kumi na moja.

Jina hilo nilimpa mimi, siku aliyonipigia saluti na mkono umejaa uji. Kila asubuhi ananifuata nyuma tukihesabu wafungwa. Kidole hewani – moja, mbili, nne. Tatu haijui.

Mama yake tunamwita Cherehani. Anashona karakana, na mdomo wake haupumziki. Leo ulipumzika. Kamvalisha mwanawe gauni alilolishona kwa mabaki ya vitambaa vya sare zetu. Akafunga vifungo vyote, akavifungua, akavifunga tena. Akaniambia: afande, dada yangu akija mwambie huyu halali bila kushika sikio la mtu.

Nikasema nitamwambia.

Tukakaa getini tangu saa tatu. Mimi, mtoto, na yule bibi wa ustawi wa jamii na faili lake. Dada huyo, mdogo wake Cherehani, ndiye aliyeahidi kumchukua, kwa maandishi na sahihi. Saa sita, kimya. Saa nane bibi wa ustawi akapiga simu. Akapokea mwanamume, shemeji mtu. Sauti ilisikika mpaka kwangu: mtoto wa muuaji halali nyumbani kwake. Akakata.

Cherehani alimuua mumewe. Hilo halina ubishi, hata yeye habishi.

Saa tisa mtoto kapakiwa kwenye gari la ustawi, kapelekwa makao ya watoto. Hakulia. Hajawahi kupanda gari. Alidhani ni chumba tu. Akakaa akisubiri nimfungie mlango.

Nikamfungia.

Jumanne, 5 Machi

Jana sikuandika yote.

Sajini alinituma nikampe Cherehani taarifa. Nikamkuta dirishani karakana, kashika nondo kwa mikono miwili. Nikafungua mdomo nimwambie yaliyotokea. Yakatoka haya: dada yako amekuja. Alichelewa kidogo, lakini amekuja. Kavaa gauni la bluu.

Gauni la bluu! Nani aliniuliza rangi?

Akauliza, kambeba? Nikasema kambeba mgongoni. Akakaa sakafuni pale pale, akalia kama mtu aliyetua mzigo wa safari ndefu.

Najua kwa nini nilisema vile. Miaka miwili iliyopita kuna mama mmoja, chumba cha nane, nilimpa habari za msiba wa mwanawe kama zilivyoandikwa. Nimesimama mlangoni, karatasi mkononi, kama ninasoma tangazo la maji. Alisema, asante afande. Asubuhi yake aliyefungua mlango na kumteremsha ni mimi. Waliandika kwamba nilifuata utaratibu. Ni kweli, nilifuata.

Tangu siku ile kila mlango nikiufungua asubuhi naanza kutazama juu, ndipo nitazame kitandani.

Ijumaa, 8 Machi

Uongo haushibi. Juzi alitaka kujua kama mtoto anakula. Jana, analala na nani. Nimeshamwambia dada yake anakaa mtaa wa pili na kwangu, tunakutana dukani. Sasa kila asubuhi nikiingia karakana cherehani zote zinanyamaza. Wanawake ishirini na sita wananisubiri kama taarifa ya habari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu naona inaongezwa tu.

Leo kaomba mchoro. Dada yangu ampe kalamu, kasema, achore chochote, hata mstari.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya mapumziko. Nimekwenda kumwona.

Makao yenyewe si mabaya. Kuta za kijani, vitanda vya chuma viwili viwili, harufu ya dawa ya sakafu. Harufu ile ile ya kwetu. Mlezi ni mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala. Akaniambia huyu wako ana mambo. Mlango ukiwa umefungwa, hata bila kufuli, anausimamia mpaka mtu aje. Mkono haugusi kitasa. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba mlango unafunguka hata ukiwa ndani. Juzi wamemsahau msalani muda mrefu. Hakuita. Alikuwa anangoja zamu.

Na asubuhi hali chochote mpaka ahesabiwe. Anasimama kwenye mstari peke yake.

Aliponiona akapiga saluti. Nilidhani nitacheka. Nikamwinamia, akanishika sikio. Sikuzoea. Akauliza, mama kamaliza kushona? Nikasema bado kidogo. Huku nako natoa habari za uongo – kwa mama na kwa mtoto, kama mpiga ramli.

Nikampa kalamu za rangi nilizonunua. Alichora muda mrefu, ulimi nje. Mistari ya kusimama, toka juu mpaka chini, karatasi nzima. Nikauliza, ni nini hii?

Ni nje, akasema.

Jumatano, 20 Machi

Mchoro ule siwezi kumpelekea mama yake. Nimeukunja, nimeuweka chini ya nguo kabatini.

Leo nilitoka zamu mapema. Nimekaa mezani na karatasi mpya, kalamu kwenye mkono wa kushoto ili mistari ipindepinde. Nyumba. Jua. Mwanamke mwenye gauni la bluu. Kuku mmoja miguu mitatu.

Mume wangu kaingia kunawa mikono. Anatengeneza majokofu hapo uani, kutwa yupo na mafuta mpaka viwikoni. Kasimama nyuma yangu. Akauliza, mwenzangu, unachora? Nikamweleza yote, toka gari mpaka kuku. Akajikausha kidole kimoja kimoja. Sisi Mungu hakutujalia mtoto, na neno hilo huwa tunalizunguka kama shimo la njiani. Leo nikaliingia. Nikasema, tumchukue.

Akaniambia: unataka kumlea mtoto, au unataka uongo wako uwe kweli?

Nikakasirika. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia toka. Sauti ile ile ninayotumia bwaloni. Mtu mzima yule, akatoka kweli.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempa mchoro.

Aliushika kwa ncha za vidole kama kitambaa cha gharama. Akautazama. Kisha akawaita wenzake. Mtoto wangu kaona kuku, akawaambia, mtoto wangu kaona kuku na macho yake. Wakaupitisha mkono kwa mkono. Hata yule bibi wa kifungo cha maisha, ambaye hasemi na mtu, kaugusa. Wameubandika ukutani kwa sabuni iliyolowa.

Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Redio, akaninong'oneza: wewe siku hizi umekuwa mlokole au vipi? Wafungwa wanakupenda. Angalia.

Usiku – sitaki kuandika ya usiku. Nilikunywa, basi. Glasi mbili.

Alhamisi, 28 Machi

Cherehani kaandika barua ya kumshukuru mdogo wake. Barua zote za wodi yetu nasoma mimi kabla hazijatoka. Kurasa nne. Anashukuru kwa mgongo uliombeba. Kwa kuku. Kwa shule ya awali – ile shule niliisema wiki jana, mdomo tu uliteleza. Ameandika: nilidhani mumeo atakataa, namwombea kila siku, mwambie nimekosea kumfikiria vibaya.

Nimepiga muhuri wa "imekaguliwa". Nimeitia kwenye kabati langu la nguo kazini. Imelala pale na viatu vyangu vya akiba.

Kila siku anauliza, hajajibu? Nasema posta siku hizi inachelewa.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda ofisi ya ustawi. Nimeuliza kama sisi wawili tunaweza kumchukua. Bibi wa ustawi akavua miwani. Akasema: dada, wewe ndiye unayemfungia mama yake mlango. Huwezi kumfungia mama na kumlea mtoto. Chagua kimoja, andika barua ya kuacha kazi, ndipo tuzungumze. Na mama mtu lazima akubali kwa sahihi yake.

Kwa sahihi yake. Yaani nikamwambie kwanza.

Nimerudi kwa miguu. Mume wangu kaniachia chai kwenye chupa. Tangu siku ile hatujazungumza sana, lakini chai anaacha. Nimemwambia nilikotoka. Kasema kuacha kazi si tatizo, tutakula majokofu. Utani wake wa kwanza wiki tatu. Halafu akaniuliza ni lini nitamwambia yule mama.

Nimesema Jumatatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikumwambia.

Nilifika hadi mlangoni karakana. Alikuwa anaimba.

Alhamisi, 18 Aprili

Redio hana siri, ndiyo maana ana jina hilo. Leo kwenye chai kasimulia kwamba msichana mmoja wa kesi ya nguo za wizi, aliyemaliza kifungo wiki iliyopita, katoka na barua ndani ya soli ya kiatu. Anacheka – eti barua yenyewe wala si ya mahaba, ni ya Cherehani kumshukuru ndugu yake. Posta ya serikali imemchosha, katafuta ya kwake.

Nikaweka kikombe chini. Nikauliza kama ilifika. Redio akasema, mbona umebadilika rangi? Ilifika, kapelekewa mkononi.

Jumamosi, 20 Aprili

Siku ya wageni. Nimepangwa getini, kwenye kitabu.

Saa nne kafika mwanamke mwembamba, kashika mkoba kifuani. Nikamuuliza anamtembelea nani. Alipotaja jina nikasahau kuandika. Wamefanana paji la uso. Gauni lake ni la kahawia.

Nikamvuta pembeni, kwenye benchi la wanaosubiri. Akatoa barua mkobani, imechakaa kwenye mikunjo. Akasema ameisoma mpaka ameikariri. Dada ananishukuru kwa shule, akaniambia, shule gani? Anamwombea mume wangu, na mume wangu ndiye aliyeninyang'anya mkoba siku ile ili nisitoke. Leo kasafiri, nimetoroka kama mwizi. Nataka nimwambie dada yangu ukweli. Mtoto sina. Sijui hata yuko wapi. Ni nani aliyemwambia mambo haya?

Nikasema, mimi.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinitazama sana, kisha akasema: ulinipa wema nisiokuwa nao. Unajua unavyochoma?

Nikamwambia mtoto yupo wapi, jina la makao, basi gani la kupanda. Akaandika kwenye kiganja. Nikamwomba kitu kimoja, aniachie nitangulie mimi. Akafikiri. Akasema anasubiri, lakini haondoki bila kumwona dada yake, na akimwona hatadanganya.

Nimeingia ndani. Cherehani kashasikia anaitwa kwa wageni. Miaka minne na ushei hajawahi kuitwa. Wenzake wamemzunguka, mmoja anamchana nywele, mwingine kampa fulana safi. Yule bibi wa kifungo cha maisha anampaka mafuta mikononi. Wote wananichekea kwa furaha. Cherehani akaniuliza, afande, kaja na mtoto?

Mdomo wangu ulikuwa tayari. Naapa ulikuwa tayari – ungesema mtoto ana mafua kidogo, kaachwa kwa jirani. Nilisikia maneno yakijipanga. Nikaubana. Nikamwambia, ngoja kidogo, nakuja, tuzungumze mimi na wewe kabla.

Akaacha kucheka. Wale wengine bado hawajaacha.

Niko chumba cha kubadilishia nguo. Nimeomba dakika kumi, nadhani zimeshapita. Nimeanza kuandika sentensi ya kumwambia, nimefuta mara tatu. "Siku ile dada yako hakuja." Ndiyo hiyo tu. Hakuna nyingine fupi kuliko hiyo. Na nikishaisema sitoki. Nitakaa naye sakafuni, leo na kesho, nimeshamwambia Redio achukue zamu yangu ya getini. Utaratibu hauruhusu. Basi.

Sajini anagonga. Anauliza mbona mfungwa hajapelekwa kwa mgeni wake, na funguo za wodi anazo nani.

Ninazo mimi. Nakwenda.