Sayansi ya Rebeka na Mtungi Wako

Murang'a, Aprili 2026. Mwaka wa ishirini na nane tangu nitoke Kilelengwani.

Mama Rehema,

Huku niliko mto wetu Tana bado ni mwembamba, na wenyeji wanauita Sagana. Nimetangatanga kwingi tangu mafuriko yaibebe nyumba yetu huko chini, mwaka uliofuata ule tuliokuzika. Mwisho nimetulia kwa binti yetu, ambaye ni muuguzi hapa.

Rehema ana mtoto mmoja, Rebeka, wajina wako. Ana miaka kumi na mitano na ugonjwa wa selimundu: mifupa humuuma wiki nzima, kisha hupata nafuu akawa kama hajawahi kuugua. Shule haikuweza kumngoja kila mara. Tangu Januari anasomea nyumbani, na mwalimu wake ni mimi. Lugha na historia hazinitishi. Sayansi ya sekondari ndiyo iliyonikalisha chini.

Unakumbuka maandalio yangu ya somo, nilipofundisha shule ya msingi? Nilikuwa nikiyaandika mpaka wali unapoa. Ukasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Mwalimu, hao watoto unawafundisha au unawapikia harusi?" Sasa macho hayawezi tena kazi ile, na Rehema akitoka zamu anachotaka ni kitanda. Tulihitaji mtaala ambao mtu anaufungua asubuhi na kuanza, bila kuandaa chochote jana yake.

Rehema alileta mitatu. Wa kwanza ulikuwa kitabu kizuri kabisa, lakini kurasa za mwalimu zilizidi za mwanafunzi, na kila zoezi lilidai mizani, asidi na vyombo visivyo jikoni mwetu. Wa pili ulikuwa video tupu. Mvua ikinyesha mtandao hupotea, na hata ukiwapo Rebeka huitikia kwa kichwa tu, kama muumini kanisani wakati wa matangazo. Wa tatu ulikuwa mwembamba: ukurasa wa kusoma, jambo moja la kufanya kwa vitu vya nyumbani, maswali, na majibu huko nyuma kwa ajili ya wazee kama mimi. Niliulinganisha na silabasi ya mtihani. Ulipungukiwa na majaribio ya maabara tu, na shule moja ya jirani imekubali ayafanye kwao Jumamosi.

Hata hivyo sikuamua. Mtaala ni wa miaka mitatu, nami nilikuwa na safari moyoni. Jilo, mtoto wa mdogo wangu, alikuwa amenipigia simu kutoka Garsen. "Baba mkubwa, shamba linalala bure. Njoo kabla ya kupanda, ama watu watalima hadi mlangoni kwa mama." Mlangoni kwako alimaanisha kaburini. Nikamwambia nakuja. Siku zote nilijua kwamba nitarudi, nijenge chumba kimoja pale juu palipoinuka, na siku yangu ikifika wanilaze kando yako. Nilipomwambia Rehema alisema, "Nenda, Baba. Sisi tutajua la kufanya." Kisha akaiosha sufuria aliyokuwa amekwisha kuiosha.

Basi nikasema nitamwachia Rebeka angalau mtaala unaofaa. Nilimjaribia somo moja kutoka kila mmoja. Somo la ule wa tatu lilisema: chukua udongo, weka kwenye chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, kisha uache na utazame.

Alichota udongo mtaroni nyuma ya nyumba, mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Akatikisa. Maji yakawa mekundu, mazito, na mimi nikaikodolea macho, kwa maana rangi ile naijua. Ni rangi ya Tana wakati wa mafuriko. Ni rangi ya mtungi wako asubuhi ukitoka mtoni.

"Babu, mume wangu," akasema, maana hunitania hivyo, "mbona unaiangalia chupa kama imekukopa?"

"Usiitikise tena," nikamwambia. "Maji yamelala."

Maneno hayo ni yako. Ulikuwa ukiwakaripia watoto waliozamisha kata mpaka chini: "Choteni juu juu! Maji yamelala!" Ya juu tulikunywa. Ya katikati ulipikia. Tope la chini ulilimwaga kwenye kitalu cha nyanya, ukasema hicho ndicho chakula chao. Siku moja nilikuuliza tope lote hili linatoka wapi, mwaka hadi mwaka, bila kwisha. Ukanyoosha kidole kule mto unakotoka. "Juu," ukasema, ukaendelea na kazi yako.

Kwenye chupa mchanga ulianguka kwanza, papo hapo. Juu yake ukaja udongo laini zaidi, polepole. Ule laini kabisa ulikataa kushuka. Asubuhi tulikuta ndio kwanza unatua, juu ya wenzake, na maji yameng'aa. Rebeka alipiga magoti akapima matabaka kwa rula, akiyataja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba cha mtoto mchanga. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Tana yote ni chupa moja tu, haijawahi kuachwa itulie?"

Nilifungua nyuma ya kitabu; swali hilo halikuwamo. Nikakaa kitini. Udongo wa shamba letu la mpunga, mahali tuliposimama siku ya harusi, ardhi iliyokufunika wewe: yote yalitelemka kutoka milima hii, punje kwa punje, kabla hatujazaliwa. Nami nimeishi hapa miaka nikidhani niko mbali na nyumbani. Nimefika Juu, Mama Rehema. Ni hapa ulipokuwa ukionyesha.

Rebeka alitaka kumwaga tope kwenye sinki. Nikamwambia alirudishe mtaroni.

"Litafika kwa Bibi?"

"Kidogo. Jingi litakwama kwenye mabwawa."

"Kidogo linatosha," akasema, akamwaga. Kisha: "Babu, somo la pili lini?"

Nilimpigia Jilo jioni ile. Nikamwambia wapande mpunga, yeye na mkewe, shamba ni lao, waache tu nafasi ya kaburi na wapalilie kandokando. Akasema, "Haya, Baba mkubwa. Mama atakuwa na watu." Naye Rehema tukamtuma alete mtaala wa tatu, wote, mpaka mwaka wa mwisho.

Lala salama kwenye udongo wa huku. Mimi sitarudi.

Mumeo,
Baba Rehema