Mkeo Anaficha Uso

Rangwe, 9 Mei 1996

Kwako mwanangu Motari, huko Isebania,

Mahindi yamechipua vizuri. Lakini mkeo Dorah simwelewi. Biblia yangu ameibadilisha: jalada ni lile nililolishona kwa uzi mwekundu, ila ndani mistari imepinda na maneno ya katikati yamefutika. Nikimuuliza, anaficha uso. Nikitazama kando yake namwona. Nikimtazama moja kwa moja, mahali pa uso pana doa tupu. Asiye na kosa hujificha kwa nini?

Sabato nilisimama mbele ya kioo nifunge kitambaa. Nikautafuta uso wangu, nikakuta doa lile lile.

Njoo unipeleke kwa daktari wa macho. Na Dorah usimsomee niliyoandika hapo juu.

Ni mimi mama yako,
Mong'ina