Miembe ya mke wangu imezaa vizuri, yangu imenikana

Kalemie, tarehe 4 Desemba 1983

Mpendwa Mama Adolphine,

Nakuandikia unisaidie kufikiri, kwa maana mimi mwenyewe nimeshindwa, na kila ninayemuuliza ananiongezea shaka nyingine juu ya ile niliyokuja nayo. Mimi ni mkulima, shamba langu liko upande wa mto Lukuga, nimelima mahindi na mihogo tangu ujana na hakuna aliyewahi kuicheka kazi yangu. Miaka sita iliyopita kaka yangu mkubwa Omer, ambaye nyumbani tunamwita yaya na anayekaa Mpala, aliniletea kwa boti miche thelathini ya maembe ya grefe, yale makubwa yasiyo na nyuzi ambayo wafanyabiashara wanavusha mpaka Kigoma, akaniambia haya njo yatasomesha watoto wako, akanionyesha pale mche ulipofungwa kamba na kunieleza mambo mengi ambayo, nisiseme uongo, sikuyasikiliza yote, kwa sababu nilikuwa nawaza mahali pa kupanda.

Nilipanda ishirini na minane shambani, na miwili mke wangu Mujinga akaiomba aipande nyuma ya jiko, nikampa. Mama, niliitunza ile miti kuliko nafsi yangu, nilipalilia, nilibeba maji kiangazi chote mpaka nikakosa salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, na chef wa mtaa akanigombeza, nilizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi, na ilipoanza kuchipuka nikaipunguzia kama tunavyopunguzia mahindi, kile kijiti dhaifu cha juu nikakikata na machipukizi yenye nguvu yaliyotoka chini nikayaacha, na kweli yalipanda, shamba likawa kama msitu na wapita njia wakaniita Papa Maembe. Mwezi uliopita yaliiva kwa mara ya kwanza. Miti yangu yote ishirini na minane imezaa vijiembe kama mayai ya bata, nyuzi tupu, ukila kimoja unashinda siku nzima ukichokoa meno, na mfanyabiashara aliyekuja na vikapu alionja, akatema, akaniuliza kama ninamchezea. Lakini ile miwili ya nyuma ya jiko imezaa maembe makubwa, matamu, hayana uzi hata mmoja.

Hapo akili ilipotea. Nilisema Omer amenidanganya, amenipa miche ya porini, lakini kama amenidanganya mbona miwili ni mizuri, na mbona iwe ile ya Mujinga? Jirani yangu Banza akaniambia, "Ngoy, muntu hachagulie bibi ya mwenzake miti mizuri bure. Fungua macho." Nikakumbuka kwamba siku ile Mujinga ndiye aliyempikia Omer na walicheka pamoja, nikakumbuka tena kwamba nilipotaka kuipunguzia miti yake alisimama mbele ya kisu akasema, "Hii uiache, yaya Omer alisema hapa juu hapakatwe." Kwa nini ayashike maneno ya Omer yote, na mimi nisishike hata moja? Nilipomuuliza akasema, "Unaniuliza hivyo mimi?" akambeba mtoto wetu wa mwisho, akapanda treni kwenda kwao Nyunzu.

Leo ni wiki ya tatu. Wakwe wametuma neno kwamba nisipofika kabla ya Noeli kueleza ninamshtaki nini, nisifike tena kamwe. Omer nimemwandikia barua ambayo naona haya kukurudilia. Nimenoa shoka niangushe miti yote thelathini, lakini nikifika mbele ya ile miwili mkono unakataa. Nampenda mke wangu, Mama. Sasa nimwamini nani, na nikate nini?

Ngoy

MAMA ADOLPHINE ANAJIBU

Papa Ngoy, weka shoka chini kwanza, ndipo usome.

Barua yako nilimsomea Papa Siméon, monita aliyefundisha wakulima mpaka akastaafu, ambaye ameunganisha miembe tangu mimi ni msichana. Nilipofika pale ulipokata kile kijiti dhaifu aliniambia, "Rudilia hapo, Mama." Nikarudilia. Akavua miwani akasema, "Masikini. Huyu alimutupa mutoto, akalea mugongo wenye kumubeba."

Nikueleze polepole. Mche wa grefe, yaani wa kuunganishwa, ni miti miwili iliyofungwa pamoja. Chini ya kamba ni mwembe wa kienyeji, wenye mizizi ya nguvu na matunda ya nyuzi. Juu ya kamba ni kijiti cha embe nzuri, nacho mwanzoni huwa dhaifu. Kinachochipuka chini ya kamba hukatwa, cha juu hulindwa. Wewe ulifanya kinyume mara ishirini na nane, kwa kisu chako mwenyewe. Kwenye shimo la mahindi mbegu ni za namna moja, ndiyo maana unang'oa dhaifu na kuacha lenye nguvu. Uliuchukua ujuzi wa mahindi ukaupeleka mahali ambapo haukuitwa.

Nakuhurumia, miaka sita ya kubeba maji si mchezo. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Omer hakukudanganya. Mujinga hakufanya kosa lolote ila kusikiliza alipokuwa anafundishwa, na wewe usikivu wake umeuita uzinzi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; wewe umevunjika, na sasa unamdai mke wako akuonyeshe aliyekuvunja. Na usiniletee habari za Banza. Maneno ni yake, lakini masikio yaliyoyapokea ni yako.

Mwandikie Omer leo, umwombe radhi, tena umwombe akusindikize Nyunzu, maana yeye naye alishtakiwa na anastahili kuwepo unapomsafisha. Akikataa, nenda peke yako. Usitume mtu. Mbele ya wakwe sema wazi kwamba kosa lilikuwa kisu chako, na Mujinga awepo asikie. Akitaka kukaa kwao kidogo kabla ya kurudi, kubali bila kununa.

Miti usiing'oe, mizizi yake ni mizima. Papa Siméon anasema inaweza kukatwa kwenye urefu wa kifua, michache kila mwaka, na machipukizi mapya yakaunganishwa upya. Yuko tayari kukufundisha, mradi safari hii usikilize. Vijiti vizuri vya kuunganisha vilivyo karibu nawe viko kwenye ile miembe miwili ya nyuma ya jiko, nayo si yako, ulishampa Mujinga. Itabidi umwombe. Ila usimwombe siku hiyo ya Nyunzu, wala siku ya kwanza akirudi. Ukitaja vijiti mapema hivyo, atajiuliza umemfuata yeye au umefuata miti, na baada ya ulivyomtenda, sijui kama angekusadiki.