Nati ya Nne

Jumatatu, 3 Machi

Gari la Mwalimu limeingia gerejini leo. Lina miaka mingi kuliko mimi. Magurudumu ya mbele yamelala ndani kwa juu, na tairi zimelika upande mmoja mpaka nyuzi zinachungulia. Mwalimu alistaafu zamani, ni shoga wa Mama tangu sijazaliwa. Alhamisi wanasafiri wote wawili — Mama ana miadi ya jicho, mji wa pili, njia ya milimani. Ijumaa wanarudi.

Jirani yetu ana mashine ya kompyuta ya alaimenti, ya kupimia mkao wa magurudumu. Imelikataa gari, halimo kwenye kumbukumbu zake. Baba Mkwe alicheka mpaka akakohoa. Sisi tuna uzi, timazi na macho.

Kemba — ule mlalo wa gurudumu — kwa gari hili hurekebishwa kwa vibati. Unalegeza nati mbili za mkono wa juu, ule chuma unaoshika gurudumu, unachomeka vibati vyembamba, unakaza. Kila upande nati mbili. Jumla nne. Usipokaza, vibati hudondoka kimoja kimoja, gurudumu linarudi kulala. Hapo ni kama una bahati; huna, mkono unachomoka na gurudumu linakwenda zake.

Baba Mkwe kasema gereji ni yake lakini kazi hii ni ya mkono wangu. Anayepanda ni mama yako, kasema. Alidhani ananipa moyo.

Jumanne, 4 Machi

Baba Mkwe kakaa kwenye kiti cha dereva, kama anavyofanya kwa kila gari kuukuu. Springi zimechoka, kwa hiyo kemba ya gari tupu si kemba ya gari lenye watu. Kiti cha pili tukaweka mfuko wa mchanga, ndiyo Mama. Ongeza nusu, kasema Baba Mkwe. Mama akijua tumempima kwa mchanga sitakula kwake mwaka mzima.

Timazi ilikuwa inacheza na upepo. Nikangoja. Nikaongeza kibati, nikatoa, nikaongeza. Baba Mkwe kule juu akasinzia na usukani mkononi.

Nati ikishakazwa naipaka rangi ya kucha, nyekundu. Mtindo huo niliuanzisha mwenyewe nilipokuja kufanya kazi hapa. Mafundi walinicheka, sasa mtaa mzima wa magereji wanaiga. Ukiona nyekundu, huigusi tena. Chupa imekaribia kukauka, leo nimeiongezea tone la thina kuilainisha. Bado ikawa inaganda upesi, nikaona nipake zote nne kwa mpigo, ndipo niendelee kukaza. Si kawaida yangu. Lakini kazi imeisha, saa kumi gari lilikuwa chini.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu kachukua gari. Tumezunguka nalo mitaa miwili. Unaachia usukani, linakwenda tu lenyewe, halivuti kulia wala kushoto. Mwalimu kasema amerudishiwa ujana.

Nilipaswa kufurahi. Kuna kitu kinanikereketa, sijui nini. Labda ni hilo jicho la Mama.

Alhamisi, 6 Machi

Wameondoka alfajiri.

Saa nne Kumi na Saba kaja kunirudishia spana. Huyu ni fundi wetu wa breki, mtu mzima, kila siku anatafuta spana ya kumi na saba, ya kwake haijulikani iliko. Shem, samahani, kasema, nimekaa nayo tangu juzi. Nikamuuliza juzi saa ngapi. Ulipokuwa chini ya gari la Mwalimu, kasema. Uliniambia chukua mara moja, nimebakiza moja tu.

Nimebakiza moja tu.

Nikakaa juu ya tairi. Nimekumbuka kila kitu: spana ikaondoka, Baba Mkwe, aliyekuwa ameshashuka, akaniita nishike gari la mteja mwingine lisiteremke, nikarudi, nikainama kuangalia — nyekundu, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikateremsha gari. Nilidanganywa na rangi yangu mwenyewe.

Nati ya mbele, mkono wa juu, upande wa kulia. Umeizungusha mkono wangu tu, spana haikuigusa.

Saa sita. Simu ya Mama haipatikani. Huizima safarini ili asimalize chaji. Mwalimu yeye simu yake hukaa nyumbani kabatini.

Saa saba. Haipatikani.

Saa nane na robo. Haipatikani. Baba Mkwe kaniuliza mbona sili. Nimemwambia kichwa.

Saa kumi kasoro — Mama kapiga! Wamefika. Jicho limeshatazamwa, limefungwa bandeji, kesho asubuhi wanalifungua kidogo kisha wanarudi. Alikuwa ameweka sauti ya nje. Mwalimu akadakia huku nyuma: mwambie gari linateleza kama jipya, mwambie nitamtangaza. Mama anacheka. Wewe mtoto umenitoa kimasomaso, kasema.

Sikusema.

Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi. Nimesema tu, Mama, kesho kabla ya kutoka mlipitishe gari kwa fundi yeyote wa huko aangalie nati za mbele. Kwa nini, kuna tatizo? Hapana, ni kawaida tu kwa gari la zamani. Sawa mwanangu.

Fundi ataona. Fundi yeyote akiweka spana ataona.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu Mama kapiga. Wamekwenda kwa fundi. Kainama, kamulika tochi, hakuchukua hata spana. Kasema nati zote zina alama, aliyefanya kazi hii anajua anachofanya, hapa hakuna la kugusa. Mama akamwambia, huyo ni mwanangu wa kwanza. Kanisimulia hayo kwa madaha kabisa. Nikasema Mama, sikiliza, moja sikuikaza — lakini alikuwa ameshasema haya tunaondoka, kwaheri. Nimepiga tena pale pale. Ameizima.

Nimemwendea Baba Mkwe. Alikuwa anakunywa chai. Miaka sita niko kwake, hajawahi kunipandishia sauti, na nilikuwa naogopa leo ndiyo siku. Nikamwambia yote, mpaka ule uongo wa kichwa. Akaweka kikombe chini. Akasema, mwanangu, ungeniambia jana saa nne sasa hivi tungekuwa tumeshalala huko. Akachukua jeki, spana na funguo za pikapu.

Tuko njiani. Naandika kwenye goti, herufi zinaruka. Nisipoandika nitapiga kelele. Baba Mkwe huwa havuki sitini, leo mshale uko tisini. Kaniuliza upande gani. Nikasema kulia. Nani anakaa kulia, kauliza tena, maana usukani wa gari lile uko kushoto.

Mama.

Tumeanza kupanda mlima. Kila gari linaloteremka naliangalia magurudumu kabla ya kitu kingine. Mungu wangu, nirudishie huyu mtu nimkaripie kwa kuzima simu.

Tumewaona. Wakitokea konani, wanateremka taratibu. Baba Mkwe akawasha taa, akazima, akawasha, akapiga honi. Mimi nilitoa mikono yote miwili dirishani nikipiga makelele wasimame. Mwalimu alidhani tumekuja kuwapokea. Akajibu kwa taa, akajibu kwa honi, akapita. Anajua tutageuza na kuwafuata.

Gurudumu la kulia limelala. Nimeliona kabla hawajatufikia, juu limeingia ndani kwa upana wa vidole viwili. Siyo kemba niliyoiweka mimi. Vibati vimeanza kutoka, na mteremko mkali wote uko mbele yao.

Baba Mkwe naye ameliona. Barabara hapa ni nyembamba, malori matatu yanapanda nyuma yetu, hatuwezi kugeuza mpaka yapite. Ameshika usukani kama anataka kuung'oa. Lori la kwanza limepita.

Mama alinipungia mkono, bandeji ikiwa juu ya jicho. Sikumpungia. Nilikuwa naangalia gurudumu.

La pili limepita. Baba Mkwe anasema weka kalamu, shika spana.